Mgeni wa Uani Asiyeitikia Salamu

Mtaani kwetu kuna fundi bomba mmoja ambaye jina lake la kuzaliwa linajulikana na mkewe, na labda na ofisi iliyomwandikia cheti. Sisi wengine tunamwita Fundi Matone. Kwa jina hilo hakuonewa. Ukimwita aje azibe bomba linalomwaga maji kama mto, atakuja, atalala chali chini ya sinki nusu ya siku, kisha atatoka akijifuta mikono na kukuambia kwa upole, "Sasa yamebaki matone tu." Na kweli yanabaki matone. Miaka yote hii sijapata kusikia mtu aliyemaliziwa na hayo.

Ni mtu mrefu, mkimya, mikono mikubwa, sauti ndogo. Mkewe ni mwalimu wa darasa la tatu, amezoea kuzungumza na watu arobaini na watano kwa mpigo, kwa hiyo maneno yanayopungua kwa mume yanapatikana kwa mke na chenji inabaki. Watoto wao wameshakua, kila mmoja ana mji wake. Nyumba ikabaki na watu wawili, ua mpana wenye ukuta wa kufika kifuani, na lundo la vyuma.

Lundo hilo lina historia yake. Fundi Matone hajui kutupa. Kila koki aliyoing'oa kwa mtu, kila bomba lililooza, kila boya la tangi lililotoboka, alikibeba akaja nacho nyumbani kwa maneno yale yale: "Ipo siku kitafaa." Kwa miaka ishirini na kitu siku hiyo haikufika, na lundo likafika dirishani.

Kisha ukaja ule mwaka ambao maji yalikatika mji mzima. Kwa miezi mitano hakukuwa na bomba lililovuja kwa sababu hakukuwa na cha kuvuja. Fundi bomba bila maji ni kama kinyozi katika mji wa vipara: watu wanakuheshimu lakini hawakuiti. Fundi akawa anashinda uani, kakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, anatazamana na vyuma vyake.

Alivyotusimulia mwenyewe baadaye, hakuamua lolote. Alikuwa ameshika koki kuukuu yenye shingo iliyopinda, akaigeuza juu chini, koki ikamtazama. Basi. Akaona jicho, akaona mdomo, akaona kwamba kilichokosekana ni mkia tu. Akaenda kuazima mashine ya kuchomelea kwa rafiki yake anayetengeneza mageti, na kabla jua halijazama ua ukawa na jogoo.

Baada ya jogoo alikuja mbuzi mwenye mbavu za mabomba ya nusu inchi. Baada ya mbuzi, mbwa wawili. Kisha ndege mmoja wa kusimama kwa mguu mmoja, ambaye mguu wake wa pili ulidondoka, naye Fundi akasema ndivyo alivyokusudia.

Mwalimu hakuwa na neno mpaka vitu vya jikoni vilipoanza kupotea. Cha kwanza kilikuwa kichujio cha chai. Alikitafuta siku nne, tukanywa chai yake yenye majani, siku ya tano akakikuta uani kimekuwa uso wa bundi. Akaweka sheria, kama anavyoweka darasani. "Kitu kikiwa juu ya meza au juu ya rafu, ni cha nyumba. Kikianguka chini kikavunjika, ni chako. Umenielewa?"

"Nimeelewa, Mwalimu."

Kuanzia siku hiyo Fundi akawa akipita jikoni anakanyaga sakafu kama askari wa gwaride, jicho kwenye rafu, akisubiri.

Mwezi wa nne bila maji akatangaza kwamba sasa atatengeneza mtu. Hakusema mtu gani, na mpaka leo anashikilia kwamba hakuwa na mtu yeyote kichwani.

Alianza na miguu: mabomba mawili manene, akayachimbia mashimo na kuyamwagia zege, maana fundi bomba hawezi kusimamisha bomba bila kulikaza. Nyonga akaziweka karai mbili za ujenzi zilizofunikana. Kifua kikawa tangi la chuma la choo cha zamani, mojawapo ya yale yaliyokuwa yanafungwa juu karibu na dari na kuvutwa kwa mnyororo. Mnyororo wenyewe ulikuwa mrefu, akauzungusha shingoni ukawa mkufu. Mtambo wa ndani ulikuwa umeshikana kwa kutu, akauacha humo humo. Kichwa kilikuwa boya la shaba, la mviringo, limebonyea kidogo upande mmoja kama mtu anayesikiliza jambo asiloliamini. Juu yake akafunga kipande cha bati kama kilemba.

Mikono ndiyo iliyomponza. Mwanzoni aliiachia ikaning'inia, lakini kila upepo ukipuliza ilikuwa inagonga tangi, ngo, ngo, ngo, mpaka majirani wakadhani kuna mtu anabisha hodi. Basi akachukua vile viungo vya bomba vilivyopinda, ambavyo mafundi huviita elbo, akapinda mikono, akaichomelea viganja kwenye nyonga. Sanamu ikatulia, imara kama nguzo ya umeme.

Akarudi nyuma hatua tatu ajifute jasho.

Mbele yake, mikono kiunoni, kidevu juu, alisimama mama mkwe.

Wa kwanza kuthibitisha alikuwa jirani muuza mkaa, ambaye kibanda chake kiko nyuma ya ukuta ule ule. Huyu ni mwanamke ambaye habari ikipita kwake uchi hutoka imevaa. Aliinua kichwa juu ya ukuta ili aombe kiberiti, akainama kwa adabu, akasema, "Shikamoo mama! Umefika lini?"

Hakujibiwa. Akatazama tena. "Ee, Fundi! Umemchomelea mkwe wako!"

"Si yeye," Fundi akasema.

"Kama si yeye, basi ni pacha wake aliyelelewa gereji."

Mwalimu alirudi kutoka shuleni na mzigo wa madaftari kwapani. Akafika mlango wa uani, akasimama. Madaftari yakaanza kuteleza moja moja.

"Baba watoto."

"Naam, Mwalimu."

"Kwa nini mama yangu yuko uani?"

"Ni suala la uimara," Fundi akasema. "Mikono ilikuwa inapiga kelele."

"Na hizo karai?"

"Uzito lazima uwe chini. Hata tangi la maji ni hivyo hivyo."

Mwalimu akaizunguka sanamu mara moja. Aliponisimulia siku nyingine aliapa kwamba alikuwa amekasirika kweli, ila ilibidi ang'ate kona ya daftari ili asicheke. "Utaivunja," akasema.

"Nitaivunja Jumamosi."

Lakini Jumamosi ilikuwa mbali, na Alhamisi mama mkwe akaingia na sanduku lake.

Inafaa nimweleze. Mama huyu alikuwa mpishi mkuu wa shule ya bweni kwa miaka mingi, akiwapikia watoto mia sita, na sauti yake bado ilikuwa inawatafuta wa meza ya mwisho. Mumewe alifariki miaka minane nyuma. Alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili, na kliniki ya macho ya mjini ilikuwa imempa nafasi ya mwezi uliofuata. Ghafla mgonjwa mmoja akaahirisha, wakamwambia aje sasa. Macho yake yalikuwa yamefikia hali ya mtu anayetazama dunia kupitia kioo cha bafu. Aliona maumbo, sura hakuziona.

Fundi alikuwa anamwogopa. Katika miaka ishirini na sita ya ndoa alikuwa amemwambia maneno matatu: shikamoo, karibu, na safari njema. Na hilo la tatu alilisema kwa moyo kuliko mengine.

Mgeni akapewa chumba chenye dirisha la uani, kwa sababu hakukuwa na kingine. Fundi alikuwa amejaribu kuing'oa sanamu asubuhi ile, lakini zege lake lilikuwa limeshika. Ndiyo kazi pekee ya maisha yake ambayo haikubakiza matone. Akaifunika turubai. Mwalimu akalitoa, akisema sasa ndiyo imezidi kufanana na mama yake, akiwa amejitanda khanga za kwenda harusini.

Mama akanywa chai, akageukia dirishani.

"Nani yule kasimama uani?"

Mwalimu, ambaye anajua kila uongo uliowahi kutungwa na mtoto wa darasa la tatu, akagundua kwamba yeye mwenyewe hajui hata mmoja. "Jirani, mama."

"Anafanya nini?"

"Anasubiri maji."

Hilo lilikuwa na sura ya ukweli. Mwaka ule kila mtu alikuwa anasubiri maji.

"Mbona hanisalimu?"

"Labda hajakuona."

"Asiyeona ni mimi, mwanangu," mama akasema. "Yeye ana nini?"

Siku ya pili mama alitoka na fimbo yake mpaka kizingitini, akakohoa kile kikohozi cha mtu mzima anayewapa vijana nafasi ya kuamkia. Akangoja. Akakohoa tena. Yule wa uani hakutikisika. Mama akarudi ndani akiwaka.

"Yule mwanamke hana malezi. Na tazama anavyosimama! Mikono kiunoni, kidevu kule mawinguni. Mwanamke wa namna ile hata mumewe anaomba ruhusa ya kupiga chafya."

Fundi alikuwa anakunywa maji. Yakapita njia ya pembeni, akakohoa mpaka machozi.

"Mama," Mwalimu akasema akiwa anampigapiga mume mgongoni, "wapo watu wanasimama hivyo bila nia mbaya."

"Hawapo," mama akasema. "Nawajua. Kusimama kule ni tabia."

Siku ya nne akatangaza kwamba atatoka akamfunze adabu jirani huyo ana kwa ana. Mwalimu akakimbilia ukutani, akamweleza muuza mkaa shida yake. Alichohitaji ni kidogo sana: ajifiche nyuma ya sanamu, mama akija aseme shikamoo, basi, anyamaze. Neno moja.

Muuza mkaa akaruka ukuta kwa wepesi ambao sisi hatukujua anao.

Mama akaja na fimbo, mkono wake mwingine kwa Mwalimu. Fundi alisimama kando ya yule mbuzi, akifanana naye. Wakabakiza hatua tano kuifikia sanamu.

"Shikamoo mama!" ikatoka sauti nyuma ya karai.

"Marahaba," mama akasema, akalegea kidogo. "Kumbe unajua. Hujambo?"

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, kwa sababu muuza mkaa hajapata kuulizwa hali akajibu kwa neno moja. Alianza na sijambo, akaingia kwenye goti lake, kutoka kwenye goti akahamia kwenye bei ya gunia, na alipofika kwa wifi yake, ambaye habari zake haziwezi kuelezwa bila mikono, akajisahau. Akatoka nyuma ya sanamu. Akaelekea upande wa jikoni akionyesha jinsi wifi anavyotembea, akarudi upande wa ukuta akionyesha jinsi wifi alivyoanguka.

Mama alikuwa anageuza shingo kushoto, kulia, kushoto. Mbele yake jirani alikuwa amesimama pale pale, mikono kiunoni; lakini sauti yake ilikuwa imekwenda jikoni na kurudi.

"Mwanangu," akanong'ona, "nirudishe ndani."

"Kuna nini, mama?"

"Nilikuja na macho mabovu. Sasa na masikio nayo yameanza."

Usiombe kuona uso wa Mwalimu siku ile. Alitaka kusema kweli, lakini kesho yake ndiyo ilikuwa ya upasuaji na daktari alikuwa amesisitiza mgonjwa asipandishwe presha. Akaumeza ukweli ule.

Jicho la kulia likafanyiwa kazi Jumatatu. Jumanne asubuhi wakaenda wote wawili kumchukua. Muuguzi alifungua bandeji, akasafisha, akamwambia mama atazame taratibu. Mama akatazama taratibu. Wa kwanza kumwona alikuwa binti yake.

"Umezeeka," akasema kwa furaha kubwa.

Kisha akamgeukia mkwe. Akampandisha macho kutoka viatu mpaka utosi, safari ndefu. "Kumbe wewe ni mrefu hivi?"

"Ndiyo, mama," Fundi akasema. Lilikuwa neno lake la nne.

Daktari akatoa masharti: miwani myeusi, dawa ya matone mara nne kwa siku, asiiname, asinyanyue kizito, asikohoe kwa nguvu, asijisumbue. Njia nzima ya kurudi mama alisoma vibao kwa sauti, vya maduka, vya kinyozi, mpaka kile cha "Usikojoe hapa", ambacho alikisoma mara mbili kwa jinsi herufi zake zilivyokuwa wazi. Mwalimu na Fundi hawakusikia kitu. Walikuwa wamepanga: wamwingize kwa mlango wa mbele, chumbani pazia zifungwe kwa kisingizio cha mwanga, na Fundi aazime msumeno wa chuma.

Wakafika. Mwalimu akafungua mlango wa mbele. Mama akasimama nje, hakuingia.

"Nipelekeni uani kwanza."

"Mama, daktari amesema upumzike."

"Nitapumzika nikishamaliza. Jana kitandani nilifikiri sana. Mungu akikurudishia jicho, si vizuri ulifungulie kwa kinyongo. Yule jirani nilimsema vibaya. Nataka kumwomba radhi."

Mama akaizunguka nyumba mwenyewe, fimbo kaibeba kwapani kwa sababu sasa haikuwa na kazi, na wale wawili wakamfuata nyuma kama watoto walioitwa ofisini kwa mwalimu mkuu.

Akaingia uani. Akavua miwani myeusi.

Nyuma ya ukuta muuza mkaa aliacha kupima mkaa. Ndivyo na mimi, niliyekuwa mteja wake, nilivyoshuhudia yaliyofuata. Mama alimtazama jirani yake kwa muda mrefu sana. Akamtazama kilemba. Akamtazama kidevu. Akashusha jicho mpaka kiunoni, kwenye ile mikono. Kisha akajitazama mwenyewe, na kwa kweli mikono yake ilikuwa kiunoni. Akaiondoa haraka. Akaiweka mbele, akaona haikai. Akaiweka nyuma. Akaiachia ining'inie, ikawa kama ya mtu mwingine.

"Huyu ni mimi," akasema.

Mwalimu akamtazama mumewe.

"Ni nani aliyefanya hivi?"

Fundi Matone akapiga moyo konde, akajitokeza. "Ni mimi, mama. Lakini haikuwa kusudi. Ilianza kama mtu tu, ikageuka njiani."

Mama akamsogelea yule wa chuma. Akamgonga kifuani kwa kidole. Kifua kikaitika, ngo. "Hiki ni nini?"

"Tangi, mama."

"Tangi la nini?"

"La maji."

"Maji ya wapi?"

Fundi ni mtu asiyejua kudanganya, hilo tumpe. "Ya chooni, mama," akasema kwa ile sauti yake ndogo. "Lakini yale ya juu. Ya juu kabisa, maji safi."

"Choo," mama akasema.

"Chuma chake ni kizuri mno. Siku hizi hawatengenezi tena."

Mama akanyoosha mkono akaushika mkufu, akaupitisha vidoleni kiungo kwa kiungo, kama mtu anayepima kitu dukani. "Na huu?"

Fundi akafumba macho. "Ndio ule wa kuvutia."

Mama akauvuta.

Kutu iliyokuwa imeshika mtambo ule miaka na miaka ikaachia siku ile. Ndani ya kifua kitu kikainuka, kikakwama, kikaanguka: krrr... kwang'! Kifuniko cha tangi kikaruka na kurudi mahali pake, na kichwa cha shaba kikatikisika mara tatu, kama mtu anayekubali kosa.

Mama alibaki na mnyororo mkononi. Bega lake likaanza kutikisika. Tulidhani analia. Mwalimu naye alidhani hivyo, akaanza, "Mama, nisamehe, nilitaka kukuambia..." Ndipo kicheko kikatoka, kile cha kuwafikia watu mia sita. Alicheka mpaka akaishika sanamu asianguke, na kwa kuishika akauvuta mnyororo tena, kwang', akacheka upya.

"Mama, jicho!" Mwalimu akapiga kelele. "Mama, daktari alikataza!"

"Alikataza kukohoa," mama akasema akifuta shavu kwa uangalifu, "kucheka hakukutaja." Kisha akakumbuka kitu, akageukia ukutani, akatuona vichwa viwili. "Na wewe ndiye sauti iliyokuwa inatembea?"

"Shikamoo mama," muuza mkaa akasema.

"Marahaba. Goti linaendeleaje?"

Msidhani mambo yaliisha kwa kicheko. Jioni ile mama alinyamaza, na siku iliyofuata hakumsemesha mkwe wake. Akitaka kitu alimwambia binti, "Mwambie mumeo anipishe," na mume kasimama pale pale. Kila akipita dirishani alitupa jicho uani, hilo moja jipya. Fundi akaazima msumeno kimyakimya. Asubuhi ya pili akauweka kwenye kiwiko cha sanamu, akavuta mara mbili.

"Unafanya nini?" Mama alikuwa mlangoni.

"Naivunja, mama."

"Nimekuambia uivunje?"

"Hapana, mama."

"Basi lete kiti."

Alileta kiti. Mama akakaa, mgongo wima, na kwa muda akatazama tu jogoo na mbuzi na yule ndege wa mguu mmoja. Akauliza habari za ndege huyo. Fundi akamwambia ukweli, kwamba mguu ulidondoka. Mama akatikisa kichwa kwa kuridhika, kama mtu aliyekuwa anauliza swali la mtihani.

"Ninasimama hivi kweli?" akauliza.

"Ndiyo, mama."

"Siku zote?"

"Tangu nikujue."

"Ni mgongo," mama akasema. "Sufuria la uji wa watoto mia sita, unalishusha wewe na mwenzako mmoja, asubuhi na mchana, miaka thelathini. Ukishalishusha, usipojishika kiuno unakatika. Watu wakadhani ni ukali. Watoto wakadhani, wasaidizi wangu wakadhani. Nikaona afadhali wadhani ni ukali, kazi inakwenda." Akamgeukia. "Na wewe ulidhani."

"Mimi nilikuwa naogopa tu, mama," Fundi akasema. "Sikufika kwenye kudhani."

Mwalimu anasema alikuwa jikoni anasahihisha hesabu za watoto, na alipowasikia wawili hao wakizungumza, sentensi baada ya sentensi, aliacha kalamu na hakugeuza ukurasa kwa saa nzima. Mume wake alikuwa anaongea. Alimweleza mama jinsi elbo inavyobeba uzito. Mama akamwambia pua ni ndogo. Fundi akasema ni ya koki ya beseni, zipo kubwa zaidi za bustani. Wakaenda kuchagua pamoja kwenye lundo, mama akielekeza kwa fimbo kwa kuwa kuinama amekatazwa, na pua ikabadilishwa mchana ule ule.

Habari ikatoka, muuza mkaa akaivalisha. Watu wakawa wanakuja kutazama, wanaomba kuvuta mnyororo. Mwenye duka la vifaa vya shule akataka atengenezewe yeye, mchungaji mmoja akataka atengenezewe mkewe, rafiki wa mageti akajitolea vyuma na mashine. Fundi alijaribu kumtengeneza mwenye duka, ikatoka kama jiko. Alijaribu tena, ikatoka jiko bora zaidi, nalo lilinunuliwa. Alipoulizwa kwa nini hawezi, alifikiri sana, akasema, "Yeye simwogopi. Mtu usipomwogopa humtazami vizuri."

Maji yalirudi. Fundi Matone akarudi chini ya masinki ya watu, na matone yakaendelea kubaki.

Baada ya miezi mitano mama mkwe alikuja tena kwa ajili ya jicho la kushoto. Safari hii, pamoja na sanduku, alikuwa na kiroba kizito. Hakumwita binti.

"Mkwe wangu," akasema mlangoni, "njoo upokee hiki, mimi nimekatazwa."

Fundi akakibeba uani, akakifungua. Kulikuwa na redio kubwa iliyokufa, kengele ya baiskeli, bizimu ya mkanda, fremu ya miwani isiyo na vioo, tochi iliyoliwa na kutu.

"Vya marehemu," mama akasema. "Miaka minane vimekaa uvunguni, vinapata kutu na mimi napata kutu juu yake. Mtengeneze na yeye. Msimamishe pale, mbele yangu."

Fundi alimfahamu baba mkwe kwa miaka mingi, lakini walikuwa watu wawili wakimya, na wawili wakimya hawafahamiani upesi. "Alikuwaje, mama?"

Mama akaeleza. Alieleza tangu chakula cha mchana mpaka vivuli vikawa virefu: bega moja chini kuliko jingine, magoti yanayokaribiana, ile namna ya kuinamisha kichwa kwenye gazeti. Fundi alikuwa anageuza vyuma mkononi. "Na masikio," mama akamalizia, "yafanye makubwa. Miaka thelathini na minane nilizungumza na gazeti, yeye akiwa nyuma yake."

Ilichukua wiki mbili. Masikio yalikuwa spika mbili za ile redio yake mwenyewe, zimeelekezwa mbele kabisa. Bizimu ikawa mahali pake, miwani ikawa mahali pake, bega moja likawa chini. Siku alipokamilika tulialikwa wote uani, mama akiwa ametolewa bandeji ya pili, anatuona kwa macho yote mawili na kututajia kasoro zetu mmoja mmoja. Alipofika kwa marehemu hakutaja kasoro. Alimtengenezea kidogo ile fremu ya miwani, kwa kidole kimoja, ikakaa sawa.

Akavuta kiti chake, akakaa katikati ya wale wawili, yeye wa chuma na mumewe. "Haya," akasema. "Nipisheni sasa. Nina mambo ya miaka minane hapa."

Tukatoka. Alizungumza mpaka chai ikapoa mezani mara mbili. Alichomwambia hatukijui. Muuza mkaa, ambaye kibanda chake kiko hatua tatu kutoka pale, anasema hakusikia neno hata moja. Na mtaa mzima bado tunalishangaa hilo.